Nusu ya Chini ya Tangazo

Jumatatu, 4 Machi

Matokeo yametoka leo na mvua imeanza leo. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba shajara huanza na hali ya hewa, kisha husema ukweli. Hali ya hewa nimeshaisema. Ukweli ni huu: Kiswahili 81, Uraia 60, Historia 58, Jiografia 52, Kiingereza 41, Biolojia 33, Kemia 24, Hisabati 19. Nimefaulu kwa daraja la nne. Chini ya hapo hakuna daraja tena, kuna shimo.

Nilijitahidi, na hilo ndilo linaloniuma. Aliyecheza mwaka mzima ana cha kujitetea.

Baba aliyasoma matokeo akiwa amesimama, hajavua hata koti lake la mvua. Aliikunja karatasi mara mbili, akanirudishia kwa mikono miwili kama anavyokabidhi barua za wakubwa. Baba ni tarishi katika ofisi ya serikali hapa mjini, mwaka wa ishirini na sita sasa. Akasema, "Umefaulu. Cheti ni cheti." Halafu akaenda kunawa, akakaa huko muda mrefu kuliko mikono yake ilivyohitaji.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi alikuja na mwanawe, ambaye sisi sote tunamwita Profesa tangu darasa la tatu. Amepata daraja la kwanza. Shangazi alikuwa amekuja kutupa pole, lakini pole yake ina mifupa. Alimwuliza Mama kama cherehani ile ya pili bado inafanya kazi, maana "mtoto asikae bure." Mama hushona sare za shule barazani, na cherehani ya pili imevunjika kanyagio tangu mwaka juzi. Mama alijibu kwamba inafanya kazi vizuri sana.

Shangazi akanigeukia, akasema kila mtu na riziki yake, wengine riziki yao iko kwenye kalamu na wengine kwenye sindano. Nilimwambia, "Ndiyo, Shangazi." Profesa alikuwa anaangalia sakafu. Yeye si mbaya. Ubaya wake ni kwamba hajawahi kukosa kitu, kwa hiyo hajui mtu aliyekosa anaambiwa nini.

Jumatano, 13 Machi

Leo Baba alirudi na habari. Mtihani wa kuingia utumishi wa serikali umetangazwa: makarani, watunza kumbukumbu, wasaidizi wa ofisi. Tangazo amelibandika yeye mwenyewe asubuhi. Alitaka Profesa aambiwe mapema.

Nikauliza, "Na mimi, Baba?"

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyeomba kitu dukani. Akaeleza kwa upole kwamba mtihani ule ni wa waliopata daraja la kwanza na la pili. Nikauliza kama ndivyo tangazo linavyosema. Alisema ndivyo ilivyo, kila mtu anajua. Nikauliza tena kama amelisoma.

"Mimi sisomi ninachobeba," akasema. "Bahasha haina macho, na anayeibeba asiwe nayo."

Hayo ni maneno yake ya siku zote. Kwa ajili ya maneno hayo, wakubwa watano waliopita pale ofisini wote walimwamini na barua zao za siri. Nilikuwa nikiyapenda. Leo yaliniudhi, nikaona aibu kwamba yameniudhi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda kuliona tangazo kwa macho yangu, pamoja na Rula. Rula ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Aliitwa hivyo kwa sababu ni mrefu, mwembamba na amenyooka. Yeye amepata daraja la nne kama mimi, ila pointi zake ni mbaya zaidi, na anazitaja kwa sauti kubwa ili mtu mwingine asimtangulie.

Ubao wa matangazo uko kwenye ukumbi wa ofisi, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Ubao ni mdogo na matangazo ni mengi, kwa hiyo Baba huyapanga kama vigae vya paa: la juu limefunikwa nusu yake ya chini na linalofuata, na hilo nalo limefunikwa na lingine. Vichwa vyote vinaonekana. Baba hujivunia mpangilio huo, anasema hakuna tangazo lililonyimwa nafasi. Tulilisoma letu: MTIHANI WA KUINGIA UTUMISHI WA SERIKALI. Chini yake: Sifa za mwombaji. Chini ya hapo likaanza tangazo la mnada wa viti vibovu.

Rula alipiga magoti, akajaribu kuchungulia kwa chini, kama vile karatasi ina sketi. Mlinzi akatukoholea.

Tukaenda dirishani. Mwenye dirisha ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, na mji mzima unamwita Mama Dirisha, ingawa si mbele yake. Aliomba vyeti vyetu, akavitazama mahali pamoja tu, pale palipoandikwa daraja, akavirudisha chini ya kioo.

"La kwanza na la pili," akasema.

Nilimwomba anionyeshe palipoandikwa hivyo. Akauliza mimi ni binti wa nani. Nilipomtajia, alilainika, akasema Baba ni mtu mwema sana na asingependa kusikia kwamba binti yake anabishana dirishani. Nikaomba fomu niisome tu. Akasema fomu ni za wenye sifa. Nikauliza nitajuaje kama nina sifa bila kusoma sifa. Akasema, "Si nimekwambia?"

Nyuma yetu kulikuwa na watu kumi na moja. Tukaondoka.

Jumatatu, 18 Machi

Nilirudi dirishani. Mama Dirisha amekwenda kunywa chai. Nilisubiri hadi saa sita. Chai ile ilikuwa ndefu.

Jumatatu, 25 Machi

Nilirudi. Umeme umekatika, dirisha limefungwa. Sielewi dirisha linahitaji umeme kwa nini.

Jioni nilipita kwa Shangazi kumwuliza Profesa kuhusu fomu yake. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa ya tarehe 19 Aprili, na mwombaji huipeleka mwenyewe pamoja na cheti. Nikamwuliza daraja lake aliliandika sehemu gani. Alifikiri, akasema hakuna sehemu hiyo. Fomu inauliza jina, umri, shule, namba ya cheti na saini ya mkuu wa shule. Daraja haliulizwi.

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimwambia Baba mara tu alipoingia. Alisema bila shaka wataangalia baadaye, kwenye cheti chenyewe. Kila ninachookota, Baba ana mahali pa kukirudisha.

Alhamisi, 28 Machi

Rula anaondoka. Amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, mji wa pili, ng'ambo ya mto. Nilimwomba angoje hadi tarehe 19. Alicheka, akasema kwao kuna wadogo wanne na hakuna hata mmoja anayekula matumaini. Halafu akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria: kwamba mimi nina bahati mbaya ya kulelewa na watu wanaosema kweli, kwa hiyo nadhani kila mlango una sababu. "Mingine imefungwa tu," akasema, "na aliyefunga ameshasahau."

Nilimsindikiza hadi kituoni. Mvua ilitupiga sawasawa, mwembamba na mnene.

Jumatatu, 1 Aprili

Dirishani. "Njoo wiki ijayo, mkubwa amesafiri." Sikuwa nimemwulizia mkubwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nimegombana na Baba. Sijawahi, na sitaki kuandika kwamba nilikuwa na haki, kwa sababu nilipaza sauti.

Ufunguo wa kabati la matangazo huwa kwenye mfuko wake wa shati, pamoja na kalamu. Nilimwomba jambo dogo: Jumatatu afungue kabati, ainue karatasi ya mnada, asome mistari inayofunikwa, airudishe. Nusu dakika. Alisema ufunguo ule ni wa serikali, si wa nyumbani kwetu, na kazi yake ni kubandika, si kubandua ili binti yake apate nafuu. Akiinua karatasi moja kwa ajili yangu leo, kesho atainua bahasha kwa ajili ya nani?

Nikamwambia tangazo si siri, limebandikwa ili lisomwe. Na kwamba yeye ndiye aliyelifunika.

Mama alisimamisha cherehani. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Baba alikaa. Akanisimulia kitu ambacho hajawahi kunisimulia. Akiwa na miaka ishirini alikwenda kwenye dirisha lile lile, na cheti cha daraja la nne. Karani alikuwa mwingine wakati huo, mwanamume. Akamwambia la kwanza na la pili. Alipokuwa anageuka kuondoka, karani akamwita, akamwambia wanatafuta tarishi, kama ana miguu mizuri. Alianza kazi Jumatatu iliyofuata.

"Sikubishana," alisema. "Nilishukuru. Na kwa kushukuru huko ndiyo umesoma."

Nilikwenda chumbani. Nimelala kitandani mchana huu wote nikiwa na hasira, na sijui ni hasira ya nani, yangu au ya yule kijana wa miaka ishirini ambaye hakukasirika alipotakiwa.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeshona kola kumi na nane. Mama anasema mkono wangu unatulia. Kanyagio la cherehani limetengenezwa.

Jumapili, 14 Aprili

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Jana mvua ilivunja bomba la paa la ofisi, maji yakaingia ukumbini na ndani ya kabati la kioo. Baba aliitwa. Matangazo yote yalikuwa yamelowa na mashine ya kunakili haifanyi kazi, kwa hiyo aliagizwa ayakaushe na kuyarudisha ubaoni Jumatatu asubuhi. Ofisini hakuna pa kukaushia. Akayaleta nyumbani, amekumbatia bahasha kubwa chini ya koti kama mtu aliyebeba kitoto.

Leo baada ya chakula cha mchana, Mama aliwasha pasi ya mkaa. Tulitandika shuka kuukuu mezani. Baba aliyatoa matangazo moja moja na kuyalaza kifudifudi, maandishi chini, na akasimama pale kuhakikisha. Kifudifudi! Mimi nilipewa kazi ya kupepea mkaa.

Mama alipiga pasi mgongo wa karatasi ya kwanza, kisha akaigeuza. Baba akasema inatosha upande mmoja. Mama akamwambia kwamba yeye amepiga pasi miaka ishirini, na kitu hupigwa pasi pande mbili au kinajikunja. Baba bahasha, Mama pasi, kila mtu na fani yake.

Sasa, Mama husoma kwa sauti. Aliishia darasa la saba, na tangu hapo kila maandishi yanayopita mbele yake huyasoma kwa sauti, hata gunia la mbolea. Akasoma mnada wa viti vibovu. Akasoma chanjo ya mifugo. Akageuza la tatu, akasoma kichwa, pasi ikitembea nyuma ya maneno. Mimi nikaacha kupepea.

"Sifa za mwombaji. Moja. Awe raia. Mbili. Awe na cheti cha kumaliza kidato cha nne. Tatu. Daraja la ufaulu halitazingatiwa. Kila mwenye cheti anaruhusiwa kufanya mtihani."

Mama aliinua pasi. "Halitazingatiwa," akarudia. "Maana yake si haliangaliwi?"

Baba alisema, "Soma tena."

Akasoma tena, sasa kidole kikifuata. Baba akamwomba mara ya tatu. Safari hiyo Mama hakusoma, alimgeuzia karatasi. Na Baba, mbele yetu, akatoa miwani yake mfukoni na kusoma tangazo la serikali kutoka juu hadi chini. Midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno. Mimi niliyaona maneno ya kifungu cha nne kabla yake, kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa meza na nimezoea kusoma vitu vilivyopinduka, na nikatamani Mama angeyaunguza.

Nne. Umri usizidi miaka arobaini na mitano.

Baba ametimiza arobaini na sita mwezi wa pili.

Alivua miwani. Akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Akasema karatasi bado ina unyevu pembeni, Mama airudie pale. Halafu akatoka na kusimama barazani, karibu sana na mvua.

Nilikuwa nimeingoja siku hii mwezi mzima. Nilidhani nitaruka. Badala yake nilimwuliza Mama kama nimkimbilie, akasema, "Muache. Maji yamemfika shingoni, muache ayapime."

Jumatatu, 15 Aprili

Baba alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Alisema nimkute ukumbini saa nne, nije na cheti.

Nilimkuta kwenye foleni. Si nyuma ya dirisha, si kwenye mlango wa wafanyakazi: kwenye foleni, akiwa na sare yake ya kaki, nyuma ya mzee mwenye hati za shamba. Wenzake waliopita walidhani amechanganyikiwa. Mmoja akamwambia apite nyuma kama kawaida. Baba akasema sasa hivi hayuko kazini, ameomba ruhusa ya muda wa saa mbili.

Tulipokuwa tunasogea aliniambia, akitazama mbele, kwamba alipofika asubuhi alifungua stoo ya makaratasi ya zamani. Yapo matangazo ya mtihani ya miaka kumi na minane. Yote yana kifungu cha tatu, neno kwa neno. Ya nyuma zaidi, likiwemo la mwaka wake, mchwa wameyala. Kwa hiyo hatajua kamwe kama yule karani wa kwanza alimdanganya au alikosea au alikuwa sahihi. Lakini miaka hiyo kumi na minane anaijua. Kila mwaka alilibandika mwenyewe.

"Kwa mikono hii," akasema. Hakuionyesha.

Mama Dirisha alimwona, akacheka, akauliza tarishi amepotea njia leo. Baba akaweka tangazo chini ya kioo na cheti changu juu yake. Akaomba fomu.

Aliligusa kwa ncha ya kidole. "Hili limelowa. Sipokei kitu kilicholowa."

"Limelowa kwenye ubao wa ofisi hii, dada. Na limepigwa pasi. Soma kifungu cha tatu."

Alisoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, kwa sababu nimekuja hapa Jumatatu nyingi na namjua. Nilikuwa hata nimejiandaa kumchukia vizuri zaidi. Lakini alisoma, akaiweka miwani kifuani, akasema sauti ikiwa chini kabisa, "Mimi nilikuta hivyo. Aliyenikabidhi dirisha aliniambia la kwanza na la pili. Nilikuta hivyo, kaka."

Baba alisema anajua. Hata yeye alikuta hivyo.

"Mdogo wangu mwenyewe nilimrudisha hapa," akasema Mama Dirisha. "Mwaka juzi. Nikamwambia asinitie aibu."

Foleni ikaanza kunung'unika. Alijifuta uso kwa pembe ya kitambaa chake, akavuta droo, akanipa fomu. Halafu akavuta tena, akanipa ya pili, bila kusema ni ya nani. Nilijua ni ya nani. Kwa hiyo alitukumbuka, mimi na Rula. Alikuwa ametuona.

Jumanne, 16 Aprili

Saini ya mkuu wa shule. Nilifika saa mbili asubuhi. Mwalimu Mkuu alisema shule ina jina lake, na kwamba kupeleka mtahiniwa wa daraja la nne ni kama kupeleka jeraha sokoni. Nilimtajia kifungu cha tatu. Akasema anakijua. Alisema anakijua! Miaka yote hiyo alikuwa anakijua, na alitupigia makofi tulipoondoka na hakutuambia.

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Saa tatu, saa nne, saa tano. Mwalimu wa Kiswahili alipita, akaona, akakaa karibu nami na daftari zake za kusahihisha. Akaanza kusahihisha. Saa sita na nusu Mwalimu Mkuu alitoka kwenda zake, akatukuta wawili. Alitia saini fomu yangu juu ya boneti ya gari, akagonga muhuri. Wino ukachuruzika kidogo kwa mvua, lakini unasomeka.

Nilimpa na ya Rula. Akauliza mwenyewe yuko wapi.

Jumatano, 17 Aprili

Nilimpata Rula kwa simu ya msimamizi wa kiwanda. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. Nilimsomea kifungu cha tatu. Akauliza tangu lini nimeanza kumtania. Nikamsomea tena. Nikamwambia fomu yake ninayo, aje mwenyewe na cheti kabla ya Ijumaa saa tisa, Mwalimu Mkuu atatia saini akimwona.

Akasema daraja la mtoni limefunikwa na maji tangu jana. Magari hayavuki.

Tulihesabu pamoja: Alhamisi maji yakipungua, Ijumaa asubuhi gari la kwanza. Inawezekana. Tukasema mara tatu kwamba inawezekana.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kucha.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimepeleka fomu yangu saa tatu. Namba yangu ya mtihani ni 0417. Mama Dirisha aliiandika kwa mkono mzuri.

Nilikaa ukumbini hadi saa tisa nikiangalia mlango. Saa nane na dakika arobaini Mama Dirisha alinyanyua kichwa, akanitazama, nikatikisa changu. Saa tisa na dakika kumi bado alikuwa hajafunga. Saa tisa na nusu mkubwa wake akaja kuchukua fomu zote.

Rula alipiga simu jioni. Alikuwa amesimama upande wa pili wa mto tangu saa moja asubuhi, cheti kifuani, pamoja na watu wengine na mbuzi. Alisema aliliona paa la ofisi kutoka pale. Ni uongo, huwezi kuliona kutoka pale, lakini sikumwambia. Akasema, "Basi fanya na wangu." Halafu muda wake wa simu ukaisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Baba amepanga ubao upya. Ametundika matangazo manne tu, hayagusani. Mengine ameyarudisha kwa mkubwa, akamwambia yaletwe kwa zamu. Mkubwa aliuliza nani amemwagiza. Baba hakuniambia alijibu nini.

Watu sasa wanakisoma kifungu cha tatu na tarehe imeshapita. Wanamwuliza yeye, kwa sababu ndiye mwenye ufunguo. Anajibu kila mmoja. Anarudi nyumbani sauti imekauka.

Jumamosi, 4 Mei

Shangazi alileta vitabu vya Profesa vya mazoezi. Alisema amesikia. Alisema pia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, kisha akajiona ameteleza, akaomba maji ya kunywa.

Profesa alinifundisha asilimia kwa saa mbili. Nimezielewa nusu. Nusu ni asilimia hamsini.

Ijumaa, 10 Mei

Mtihani. Saa tatu kamili hadi saa sita. Viti mia tatu, na karibu nami kiti kimoja hakikuwa na mtu. Sijui nimefanyaje. Hesabu zilikuwa tano. Maswali ya kazi za ofisi yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, na vitabu vya Profesa havikuyagusa. Karatasi za maswali zimekusanywa zote.

Nimechoka. Nitaandika kesho.

Jumamosi, 11 Mei

Jua, tangu asubuhi. Mama ametoa magodoro nje.

Baba alikuwa barazani anapaka viatu vyake rangi. Aliniuliza, bila kuinua macho, waliuliza nini. Nikadhani anauliza ili nisinyamaze. Nikamwambia la kwanza nililolikumbuka: barua imefika ofisini haina tarehe, ufanye nini kwanza? Mimi niliandika irudishwe kwa aliyeiandika.

"Hairudi," akasema Baba. "Unagonga muhuri wa kupokea, muhuri una tarehe. Unaiingiza kwenye rejista. Ndipo unamwonyesha mkubwa kasoro."

Ndivyo ilivyo. Nililiona jibu hilo kati ya yale manne, nikaliruka.

Nikamwambia lingine. Jalada la siri limepelekwa kwa mtu, mtu hayupo. Akasema haliachwi mezani wala kwa msaidizi, linarudi masijala lilikotoka, na unaandika saa. Nikamwambia la barua mia mbili na arobaini na matarishi wanne, mmoja akiwa mgonjwa. Themanini themanini, akasema kabla sijamaliza, na wa nne akipona apewe za karibu tu. Nikaendelea. Mpangilio wa majina, aina za mihuri, nakala inakwenda kwa nani, asilimia kumi na tano ya bahasha mia sita. Alijibu huku brashi ikitembea, bila haraka, kama mtu anayetaja majirani zake. Mara mbili alikosea, yote mawili yakiwa ya Kiingereza. Niliyakumbuka maswali ishirini na mawili.

Mama alikuwa ameacha kushona zamani. Alikuwa anamtazama tu.

Baba akauliza kama kuna lingine. Kulikuwa na lingine, la mwisho, lenye kurasa mbili tupu za kuandikia: Eleza kwa nini unataka kuitumikia serikali, na kwa nini sasa.

Nilimwambia yamekwisha.

Alichukua kiatu cha pili.